Lori la Mzee Nzuki Halivutwi

Jumapili, Agosti 4

Habari mbaya. Mama Cate, mwenye ploti, amepita baada ya kanisa akasema anataka kona ya nyuma. Anajenga vyumba vinne vya kupangisha na mafundi wanaanza kuchimba msingi Jumatatu ijayo. Lori liwe limetoka hapo kufikia Jumamosi saa sita mchana. Likikataa, Gakuru atalikata liwe chuma chakavu.

Gakuru ni jirani yetu hapa Kitengela. Anachomelea milango na mageti. Miaka kumi na moja amekuwa akilitazama lile lori vile fisi hutazama ng'ombe anayechechemea. Leo alisimama nyuma ya Mama Cate na futi ya kupimia mkononi. Siku ya Bwana!

Nikamwambia Mama Cate asiwe na wasiwasi. Linatakiwa kusogea hatua thelathini tu, hadi kando ya geti, na litasogea lenyewe, kwa injini yake. Nilisema kwa sauti kubwa. Sijui nani alinituma.

Hapa naweza kuandika ukweli. Lori ni la baba mkwe wangu, Mzee Nzuki. Alilinunua mwaka ambao mke wangu Mutheu alizaliwa, ndiyo sababu limeandikwa MUTHEU mbele. Amelipeleka Magadi na vitunguu na kabichi mara zisizohesabika. Macho yalipomshinda, aliliegesha nyuma ya nyumba yetu akapanda basi kwenda kwake Sultan Hamud. Miaka miwili iliyopita mama mkwe alifariki, na Mutheu akamleta Mzee akae nasi.

Kula kwetu alikubali. Kulala, hapana. Mkamba wa umri wake halali chini ya paa la mkwe wake, hata mvua ya mawe inyeshe. Kwa hivyo analala kwa lori. Lori ni lake, lina magurudumu, na yeye anasema si mgeni wa mtu, ni msafiri amesimama kidogo. Amesimama miaka miwili.

Likikatwa atarudi Sultan Hamud, kwa nyumba tupu, bila macho. Alisema hivyo leo akipuliza chai. Mutheu akatoka kwenda kwa kamba ya nguo akasimama hapo kitambo. Hakukuwa na nguo. (Kamba hiyo nilimfungia mwenyewe miaka minne iliyopita. Ni waya imara niliyoitoa chini ya dashibodi ya lori, ambako haikuwa na kazi yoyote. Haijawahi kulegea.)

Nikapendekeza tukodi trekta ituvute. Mzee akaweka kikombe chini. Akamwambia Mutheu amwambie bwana yake kwamba lori hilo halijawahi kuvutwa, na siku litakapovutwa yeye ataomba nauli ya basi. Nilikuwa nimekaa karibu naye hivi, magoti yanagusana. Miaka ishirini na miwili ya ndoa na hajawahi kutaja jina langu. Mimi ni "bwana ya Mutheu". Ninaitwa Muteti. Si jina gumu.

Jumatatu, Agosti 5

Mpango wa kwanza: kujitegemea. Fundi wa nini? Nimewahi kufuga kware mia tatu bila kufundishwa na mtu. (Walikufa. Lakini si kwa sababu ya kukosa bidii.)

Nikafungua tangi la dizeli. Nyigu! Wanne usoni, mmoja sikioni. Nikamwaga kilichokuwa ndani. Kilitoka kitu kama chai ya rangi iliyolala wiki. Kwenye chujio la hewa nikakuta familia ya panya, na soksi ya suti yangu ya harusi. Mzee alisikia wanavyolia akaomba niwahamishe polepole, kwa sababu ni majirani wake wa siku nyingi na hawajamkosea.

Nikawahamisha kwa mkebe wa Blue Band. Gakuru alichungulia juu ya ukuta akauliza kama ninalikama.

Jicho la kushoto halifunguki. Mutheu amenipaka majivu na mafuta, na mkono wake ulikuwa mwepesi sana.

Jumanne, Agosti 6

Mpango wa pili. Safi kabisa. Nikawaalika wanaume wa kanisa kwa maombi maalum juu ya "mizigo tunayobeba". Wakaja kumi na wawili na Biblia zao. Nikaomba kwa ufupi, nikasema amina, nikawaonyesha mzigo.

Wakasukuma. Watu wazuri. Lakini huu udongo mweusi wetu umeyameza magurudumu hadi katikati. Lori likaenda mbele kiasi cha kidole, likafikiria, likarudi. Katee, mmoja wao, alipoteza kiatu na hakijaonekana hadi sasa. Mwingine akauliza kama kuna chai. Sikuwa nimefikiria chai.

Nimeondolewa kwenye kamati ya viti ya kanisa.

Jumatano, Agosti 7

Nimemwita fundi. Obonyo, ambaye amezeeka na injini za aina hii. Alilizunguka lori mara mbili na mikono mgongoni, akasema injini haijafa, imekwama tu kwa kukaa. Akatoa nozeli zinazopuliza dizeli, akamimina mafuta ndani, akaacha yapenye. Jioni akashika pao refu la chuma akaizungusha kwa mkono. Ikakataa. Akaongea nayo Kijaluo. Ikazunguka!

Nilimkumbatia. Hakupenda.

Kisha akaona tundu kwenye dashibodi. Akauliza hapo palikuwa na nini. Nikamwambia ni kitufe cha redio, kiling'oka. Ukimwambia fundi kila kitu anakuongezea kazi. Obonyo akaniangalia kwa muda, akasema sawa.

Mzee, aliyekuwa amelala kebini, alikohoa. Nadhani ni hii baridi.

Alhamisi, Agosti 8

Inatakiwa betri kubwa. Gakuru anayo moja nzuri sana. Kumuomba siwezi, afadhali nile futi yake.

Mpango wa tatu: nikamwambia kuna kanisa kule Kimuka linatafuta mtu wa kutengeneza geti. Akiondoka, nitaiazima kwa masaa machache bila kumsumbua. Akaondoka saa mbili asubuhi mbio. Nikaruka ukuta kwa furaha. Hapo ndipo nilipokumbuka betri iko ndani ya pikapu, na ameenda na pikapu.

Mbaya zaidi, alirudi akitabasamu. Kanisa hilo lipo na kweli lilikuwa linatafuta geti. Amepata kazi ya mwezi mzima. Ameniletea mkate na kunishukuru.

Jioni Mutheu aliniambia jambo. Mzee akirudi Sultan Hamud, naye ataenda. Hataachana na mimi, anasema, lakini hawezi kukaa hapa akijua baba yake anapapasa ukuta akitafuta kiberiti. Nikauliza atakaa huko kwa muda gani. Akasema yeye atajuaje. Nimejaribu kuchukulia mambo kwa utani na imekataa. Nyumba hii bila Mutheu sijui hata chumvi iko wapi.

Ijumaa, Agosti 9

Dizeli mpya ndani. Lakini hewa imeingia kwenye mipira ya mafuta, na hewa ikiwa humo, injini haiwaki hata uipigie magoti. Obonyo alikuwa na kazi Isinya. Kwa hivyo leo Mzee mwenyewe alishuka kebini.

Akanielekeza kwenye pampu ndogo ya mkono kando ya injini. Mimi nipampu, yeye ashike mpira wa mafuta kwa vidole viwili. Nikapampu. Akasema bado. Nikapampu. Bado. Saa nzima! Kidole gumba kilipasuka. Nikasema mapovu yameisha, naona kwa macho yangu. Akasema anasikia moja linakuja. Likaja. Dogo sana, kama jicho la kuku.

Akaniambia hivi ndivyo alivyokuwa akifanya njiani Oltepesi, peke yake kwenye jua, na mama mkwe wangu akipampu. Sikujua mama mkwe alikuwa akisafiri naye. Akasema alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Vidole vyake vikabaki vimeshika mpira, na mimi nikaendelea kupampu ingawa hewa ilikuwa imeisha.

Jumamosi, Agosti 10

Nimechoka lakini lazima niandike.

Saa tatu asubuhi Gakuru alikuja na mtungi wake wa gesi ya kukatia chuma mkono mmoja, na betri mkono mwingine. Akasema hataki watu waseme alishinda kwa sababu sikuwa na betri. Nikamwambia buti zake ni safi.

Baridi ilikuwa kali. Obonyo akaweka jiko la Mutheu chini ya injini ili oili ipate joto. Mama Cate akasimama na saa yake. Mzee akaketi upande wa abiria, kofia kichwani, viganja viwili juu ya dashibodi. Mimi usukani.

Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ikatema kitu cheusi. Mara ya tatu ikanguruma! Moshi ukafunika ploti yote. Kuku wa Mama Cate walihama. Mutheu alikuwa analia wazi wazi, mikono kichwani, na mimi pia, lakini nilikuwa na kisingizio cha moshi.

Gia ya kwanza. Lori likatikisika, likajing'oa kwenye udongo (kiatu cha Katee kikaonekana!), likaenda. Hatua thelathini. Nikasimama kando ya geti kama bwana harusi. Saa nne na nusu. Nikazima.

Halikuzima.

Nikachomoa ufunguo kabisa. Injini ikaendelea. Nikamwonyesha Obonyo ufunguo. Akaja mbio akipiga kelele nivute waya. Waya gani? "Ya kuzima! Dizeli haizimwi na kifunguo, inazimwa na waya! Inatokea hapo kwa hiyo shimo!"

Sote tukaangalia tundu. Kisha mimi nikageuka polepole nikaangalia kamba ya nguo. Shati langu la kanisa lilikuwa linapepea pale.

Obonyo akauliza redio gani, redio gani, mara nne. Mama Cate akasema hataki moshi huo kwa ploti yake hata dakika moja. Ndipo Mzee akasema taratibu kwamba kama haizimi, basi twende. Gakuru ndiye aliyefungua geti.

Tukaingia barabara ya Namanga. Mimi, ambaye sijawahi kuendesha kitu kikubwa kuliko pikapu! Lakini Mzee alisikiliza injini na kuniambia badilisha, sasa, ngoja, sasa, na gia ziliingia bila kulia. Askari mmoja akainua mkono. Nikamwambia Mzee kuna mtu anapunga. Mzee akampungia pia. Tukapita.

Akaniuliza ninaona nini. Nikamwambia kila kitu: ng'ombe, vibanda vya maua, mchungaji aliyeinua fimbo. Mzee akatoa kichwa nje akamsalimia kwa Kimaasai, "Sopa!" na kutoka nyuma tukasikia "Epa!" Akacheka kama mtu wa miaka ishirini. Mbele ya Isinya akauliza kama ule mgunga mkubwa aliokuwa akipumzika chini yake na mama mkwe bado uko. Hauko. Pana kituo cha mafuta. Nikamwambia uko, tena umenenepa. Akasema asante, lakini amesikia harufu ya petroli.

Tulipofika Kajiado akaweka mkono wake juu ya wangu, pale kwenye gia.

"Muteti," akasema. "Tafuta mahali tambarare. Weka gia ya juu, kanyaga breki mpaka chini, halafu achilia klachi."

Nikafanya. Lori likatetemeka mwili mzima, likazima. Kimya. Masikio yangu yalikuwa yanalia.

Nikamuuliza kama alijua hilo tangu getini. Akasema alijua tangu usiku wake wa kwanza kwetu, alipopapasa dashibodi akakuta tundu. Mbona hukusema, Mzee? Akasema angesema getini, tungeishia getini.

Ndipo nikagundua ametaja jina langu. Nikamuomba arudie. Akasema ana njaa.

Tukala mbavu na ugali, Mzee akilipa kwa ubishi. Injini ikiwa moto iliwaka mara moja. Saa kumi tulikuwa nyumbani kando ya geti, tumezima kwa klachi. Mutheu alikuwa amesimama pale pale tulipomwacha. Alimshika baba yake mkono, akanishika mimi sikio, lile la nyigu. Analala palepale kwa lori leo, baba yake. Mutheu hatasafiri popote.

Jumapili, Agosti 11

Obonyo ametoa waya kutoka kwa kamba ya nguo na kuirudisha mahali pake. Hakuongea na mimi. Inazima vizuri sana, ukivuta tu.

Mzee sasa analala karibu na geti na anasalimia kila anayepita. Leo asubuhi alimwambia Mutheu amwambie Muteti chai ilikuwa na sukari nyingi. Nimeifurahia hiyo lawama siku nzima.

Jumatatu, Agosti 12

Mafundi wa Mama Cate wameanza kuchimba. Mutheu anauliza ataanika nguo wapi, kwa sababu sasa hana kamba, na rundo limefika dirishani. Nimemwambia aniachie mimi.

Nimeingia kwa lori kuangalia. Chini ya dashibodi kuna waya nyingine, nyekundu, ndefu, imara, inaelekea nyuma huko. Nimeichunguza pande zote na sioni kazi yake. Nimeivuta kidogo kuona kama itatoka.

Mzee amekohoa tena. Hii baridi ya Agosti si nzuri kwake. Nitamwambia Mutheu amtafutie dawa.