Ukomavu wa Kitengo Changu

Jumatatu, 2 Machi 1998
Barua ya Mkurugenzi imenikera. Mtaalamu anakuja kutoka Dar es Salaam kupima "ukomavu" wa Kitengo cha Kompyuta cha shirika letu la zabibu. Ukomavu! Mimi Anselmi, mkuu wa kitengo, miaka arobaini na saba, nibonyezwe kama papai sokoni! Ngazi ni tano. Ya kwanza: kompyuta ikijaa ndipo mnashtuka. Ya tano: mnajua miezi kabla. Mwekezaji anayetaka kulinunua shirika atasoma matokeo. Nimeapa: ngazi ya nne, si pungufu.

Jumanne, 3 Machi
Germana, mpiga chapa, kaniambia diski imebakiza nafasi ya wiki mbili tu. Kajuaje? Kila Ijumaa huandika kwenye daftari la shule nafasi iliyobaki. Tangu mwaka juzi! Nani kamtuma? Akashauri tumwonyeshe mgeni daftari, tuombe diski nyingine. Nikamwambia aibu ya nyumbani haianikwi. Akajibu, "Haya, mzee." Hiyo "haya" sikuipenda.

Jumatano, 4 Machi
Nina akili! Nimefuta faili kubwa kuliko zote. Nafasi tele, uwanja wa mpira! Nimechora grafu ya matumizi ya diski kwa miaka mitatu, kwa kalamu nyekundu. Mstari umelala kama mbwa wa mchana.

Alhamisi, 5 Machi
Mtaalamu ni Bi. Evodia, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Alinipa shikamoo safi, nikadhani mambo yameiva. Kumbe! Akauliza inakuwaje kazi ya miaka mitatu haijajaza chochote. Nikasema ni nidhamu.

Hapo wakaingia wakulima wa kijiji cha Mkonze, zaidi ya arobaini, kuchukua miche yao ya mizabibu. Bwana shamba Bartolomayo akaomba orodha ya majina. Orodha ndiyo ile faili niliyoifuta! Nje miche inanyauka juani, na mvua zenyewe zinaelekea ukingoni. Mama mmoja akaniuliza kama jina lake nimelila. Bi. Evodia akataka kujua nimefuta nini. Nikasema virusi.

Germana akafungua kabati, akatoa flopi sita, zile diski ndogo za mkononi. Nakala ya orodha nzima! Watu wakapata miche, wakampigia vigelegele. Miaka yote ananificha. Msaliti!

Ijumaa, 6 Machi
Matokeo. Kitengo: ngazi ya kwanza. Chini kabisa, kwa mkono: mpiga chapa, peke yake, ngazi ya tatu. Tangu lini mtu akawa na ngazi yake? Nimepinga kwa barua ya kurasa nne. Mkurugenzi kajibu kwa mstari mmoja: Germana akaimu kitengo, mimi niende bohari.

Jumatatu, 9 Machi
Bohari. Hakuna kompyuta, hakuna Germana. Raha! Ila pamejaa hadi mlangoni: pampu, madumu, marobota ya waya. Mkaguzi anakuja keshokutwa kutazama kama nafasi inatosha.

Atashangaa. Nimeshaita malori mawili.