Kifaa Kilichomnyamazisha Mume Wangu

Halle, 9 Mei 1983

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara Isiyo na Kibao Mlangoni,

Kwa heshima zote, mimi Irmtraud Kesselbauer, mwalimu mstaafu wa piano, naleta malalamiko kuhusu vifaa mnavyotumia kutusikiliza nyumbani.

1. Zamani mlimtumia jirani yetu, Bwana Noack, aliyeegemeza glasi ukutani na sikio juu yake. Hatukuwa na neno. Siku nilipomwambia mume wangu kwamba koo linaniuma, Bwana Noack alibisha hodi akiwa na asali.

2. Kisha wakaja mafundi wawili kutengeneza simu. Hatuna simu. Waliacha kwenye taa kidude kikubwa kama andazi, kinachonguruma. Tulikizoea. Gotthold, mume wangu, alikisalimia kila asubuhi: "Habari za kazi, wakubwa? Kahawa ya leo mbaya kama ya jana."

3. Mwezi Machi fundi wa umeme ambaye hatukumwita akakiondoa na kutuwekea kipya ndani ya soketi. Hakionekani, hakingurumi. Tangu wiki hiyo Gotthold hajatamka neno. Ananiandikia vikaratasi: "Chumvi." "Funga dirisha." Baada ya miaka thelathini na minne ya ndoa, nakula chakula cha jioni kama niliyeketi na sanduku la posta.

4. Sasa mnaweza kusikia kila kitu, na nyumbani kwangu hakuna cha kusikia. Hasara hii ni yenu pia.

Naomba basi mkiondoe, mturudishie kile cha kunguruma, au Bwana Noack, ambaye glasi bado anayo.

Wasalimieni wote wanaoshinda na vipokea sauti masikioni, pamoja na wake zao.

Wenu mtiifu,
Irmtraud Kesselbauer

Baada ya sahihi: Barua hii niliisoma kwa sauti sebuleni ili kusahihisha makosa. Kabla sijapata stempu, fundi wenu akabisha hodi, bisibisi mkononi. Gotthold akamzuia mlangoni. "Iache hiyo soketi, bwana. Nani kakwambia naogopa kifaa? Nimenuna tu. Huyu mke wangu alimwambia dada yake kwamba naimba kama bawaba yenye kutu."

Ni kweli, nilisema. Nimemwomba radhi, naye tangu saa nne asubuhi hajanyamaza. Tafadhali kifaa kibaki, na kingine mkiweke jikoni, ili tupokezane kumsikiliza.