Samoni Mmoja, Bahasha Mbili

Jumamosi, 6 Julai
Torunn, mtafiti wa samaki, kaleta bahasha. Kila samoni tunayemvua: magamba matano, uzito, mahali. Vifaranga wa kijito changu kawaona. Sasa anataka mkubwa mmoja aliyerudi kutoka baharini. Akimpata, wachimba kokoto walioomba kuchimba kijitoni hawakanyagi hapa. Asipompata, matingatinga! Kijito alikovua babu! Nimevua wiki nzima. Patupu.

Jumapili, 7 Julai
Jirani yangu Ovllá kavua samoni wa kilo kumi na tisa huko Deatnu, mto mkubwa. Kampitisha mbele ya dirisha langu mara mbili. Kauliza kama kijitoni bado kuna vyura. Mshenzi! Nikampongeza, nikamsaidia kumpasua, magamba matano yakaingia mfukoni. Bahasha yangu imeandikwa: kijitoni, kilo 19. Gamba ni gamba. Nani atajua?

Alhamisi, 14 Novemba
Torunn kapiga simu. Eti samoni mmoja kavuliwa siku moja na watu wawili, mahali pawili. Ovllá naye alipeleka bahasha! Nikakohoa. Nikakiri. Nikangoja matusi. Akaniambia nikae kwanza.

Jeni zinasema samaki yule kazaliwa kijitoni kwangu! Deatnu alikuwa anapita tu, anarudi kwao. Kakaa baharini majira manne ya baridi, maana ukoo wake una jeni ya kuchelewa kuzaa, wakue kwanza. Wa vijito vingine hurudi baada ya baridi moja, wadogo. Yote hayo yamo ndani ya kitu kidogo kama ukucha! Maelfu ya miaka maji yale yamekuwa yakichagua nani arudi na lini, nami nafulia soksi humo. Nimelia, sioni haya. Mke wangu Biret kauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, tena kuna walio hai kuliko tulivyodhani.

Jumatatu, 2 Desemba
Halmashauri imekataa kokoto. Ushindi! Nikageuza ukurasa wa pili wa barua yao: ukoo adimu, kuvua kijitoni marufuku miaka kumi, bila kubagua mtu. Hata mimi!

Ovllá kaja kunipa pole, kacheka hadi kahawa ikammwagikia. Yeye bado anavua Deatnu, mbele ya nyumba yake, kama mfalme. Haya. Kwenye friza kuna samoni wa kufugwa, Biret kamnunua dukani. Magamba anayo. Nimeshaandika bahasha: mbele ya nyumba ya Ovllá, ukoo adimu sana. Posta inafunguliwa saa tatu.