Roboti Iliyonifuata Ukumbini

Saa nne na dakika saba asubuhi ya leo, mbele ya watu wasiopungua mia moja, nimeaibika mpaka masikio yakawa moto. Naandika nikiwa saiba, kwenye kompyuta ya kukodi, suruali bado imelowa chai. Mafundi wenzangu, mnaoweza kujizuia, jizuieni.

Mnajua kwamba kila Jumamosi nafunga kibanda changu cha redio pale mjini na kwenda shule moja ya kutwa Kangemi kusaidia timu ya roboti. (Roboti nilijifunza kwa vitabu vya mtumba, kama nilivyojifunza redio.) Wanafunzi ni watano. Roboti yao hufuata mwanga: mota mbili za redio kaseti, na mbele macho mawili tuliyoyatoa kwenye kamera mbovu. Macho hayo aliyafunga Wambui, wa kidato cha pili. Muhula mzima msichana huyu alikaa karibu na mlango, mkoba begani, kama mtu anayesubiri kuambiwa aende zake.

Leo yalikuwa mashindano, katika ukumbi mmoja Parklands. Mapazia yanafungwa, taa moja inawashwa upande wa pili, na roboti inatakiwa iifikie yenyewe. Halafu mwanatimu mmoja anawaeleza waamuzi inavyofanya kazi. Zamu ilikuwa ya Wambui.

"Fundi, ongea wewe," akaniambia mlangoni. "Mimi nitasimama tu hapo kando. Hawa wa shule kubwa watanicheka."

Nikamhurumia. Nikamwonyesha kurasa tatu nilizoandika, zimekunjwa mfukoni. "Ukikwama, nitasoma mimi."

Sasa, mimi nina orodha ya ukaguzi yenye vipengele ishirini na viwili. Nikavaa tochi yangu ya kichwani, ile ya kazini, nikakagua skrubu moja moja, nikitia alama. Vyote sawa. Mapazia yakafungwa. Nikashangaa mbona naona vizuri hivyo gizani. (Nikaisifu miwani yangu mpya.)

"Mzee, mko tayari?" mwamuzi akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Ukuta wa mbele ukamulikwa juu, chini, juu. Hata hapo sikushtuka!

Roboti ikaanza vizuri. Ikaenda kama mita moja. Kisha ikasita, ikageuka, ikanijia.

Nikasogea kushoto kuipisha. Ikaja kushoto. Nikasogea kulia. Ikaja kulia.

"Buda, imekupenda!" kijana mmoja wa shule nyingine akapaza sauti.

"Simama!" nikaiamuru. (Ndiyo. Niliziamuru mota mbili za kaseti.) Nikarudi kinyumenyume, upesi, mpaka kiuno kikakutana na meza ya chai ya waamuzi. Meza ikaenda, nami nikaenda nayo. Nikiwa nimelala sakafuni kati ya vikombe, roboti ikanifikia uso kwa uso na kutulia tuli, kama ilivyofundishwa kufanya ikifika kwenye taa.

"Fundi, taa! Iko kwa kichwa yako!"

Alikuwa Wambui. Sauti hiyo sikujua kama anayo.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwamuzi mkuu, mama mmoja mhandisi, akangoja kitulie. "Nani atatueleza kilichotokea?"

Nikatoa kurasa zangu. Zilikuwa chai tupu. Nikamwona Wambui akitazama mlango. Nikasema moyoni, basi, anaondoka, na kosa ni langu. Akaweka mkoba chini, akaja mbele.

"Roboti yetu haijakosea," akasema. "Tumeifunza ifuate mwanga mkali zaidi. Na mwanga mkali zaidi ulikuwa kwa Fundi. Hata alivyojaribu kuhepa, haikumwachilia. Hiyo inamaanisha macho yake yako sawa." Akanitazama. "Shida ni Fundi hakuwa kwa orodha."

Wakacheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa chake.

"Mzimeni mzee wenu," mwamuzi akasema, akijipangusa macho, "halafu mrudie."

Wakanizima. Roboti ikanyooka hadi kwenye taa. Tumekuwa wa nne kati ya shule tisa.

Wakati wa chakula, yule kijana wa "Buda" alimjia Wambui kuuliza macho yanafungwaje. "Sisi hufunga hivi," akajibu, akimchorea kwenye karatasi. Sisi! Nilijifanya nakausha suruali. Na tulipokuwa tunaondoka ilibidi turudi ukumbini, kwa sababu mkoba wake ulikuwa umesahaulika palepale sakafuni.

Namshukuru Mungu kwa ile meza. Nisingeanguka, ningesoma kurasa zote tatu.

Orodha yangu sasa ina kipengele cha ishirini na tatu, kwa mwandiko wa Wambui: "Zima Fundi."

Vikombe sita vya ukumbi, shilingi arobaini kila kimoja. Jumla ya hasara: shilingi mia mbili na arobaini, na ningelipa tena.