Aira wa Bosire

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mwaka mmoja tangu rafiki yangu Bosire atutoke. Baada ya maombi nyumbani kwake Sironga, mjane wake Nyakerario akafungua kabati. Wiski tatu! Bosire alizibeba mwenyewe kutoka Skotlandi, alikostaafu unesi. Shayiri tupu, kila moja ya kiwanda chake, hakuna kuchanganya. Ya kwanza ya bonde la mto Spei, inanukia asali. Ya pili imelala miaka katika pipa la divai. Hizo zimebaki kidogo tu. Ya tatu ni ile ya moshi, bado imejaa karibu yote. Nyakerario amesema Jumapili mimi na mwenzetu Nyamongo tuonje tukiwa tumefungwa macho. Atakayezitambua zote aende na ya moshi. Nyamongo! Mtu aliyekuwa akiongeza soda ya chungwa Bosire akigeuka!

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi. Hapa nyumbani hakuna pombe. Mke wangu Mong'ina ni Msabato kwelikweli. Nimenusa asali. Nimenusa zabibu kavu. Kwa moshi nimenusa sufuria ya maharagwe yaliyoungua. Mong'ina akanikuta kichwa kimo ndani, akauliza kama sikushiba.

Ila moshi wa Bosire ulikuwa mwingine. Ulikuwa shimo la ndizi la mama, alipozifukia na kuzipulizia moshi ziive, nasi watoto tukichungulia, macho yakitiririka. Bosire alinifundisha tone la maji, pua kwanza, ulimi baadaye. Akiinusa ile, alifumba macho akasema, "Aira." Kila Jumapili. Tulijua ni mwanamke aliyemwacha huko. Hatukuuliza. Wanaume hatuulizi. Ningetoa chochote nikae Jumapili moja tu kama zile!

Ijumaa, 7 Machi
Mafua! Leo! Siwezi kunusa hata kitunguu. Na sokoni Daraja Mbili nimemwona Nyamongo ameinamia samaki wa kukaushwa, macho kayafumba, muuzaji anamfukuza. Naye anafanya mazoezi! Nimekwisha.

Jioni: wazo. Nitamwambia Nyakerario kwamba ile ya moshi ni ya Aira. Mke gani atakaa na chupa ya mwanamke mwingine? Atanitupia mikononi. Akili ninayo.

Jumapili, 9 Machi
Nimemvuta Nyakerario kando. Nikamwambia shemeji usikasirike, lakini chupa ile inamhusu mtu aitwaye Aira. Akauliza, kwa sauti ndogo, kumbe hata sisi tulimjua? Akasema ndilo jina la mwisho Bosire alilotaja hospitalini. Mwaka mzima amelibeba peke yake. Nikaona aibu, nikatamani nirudishe maneno.

Nilichelewa. Akabeba chupa hadi migombani akaimwaga yote. Yote! Nilikimbia na kikombe, nikapata tope. Nyamongo akapiga magoti akanusa udongo.

Binti wa Nyakerario, Natasha, akaiokota chupa, akasoma maandishi, akatuuliza tuna nini. Tukamweleza habari za Aira. Akasema neno hilo, hapo kwenye chupa, husomwa Aila. Ni kisiwa! Wiski hutoka huko. Ulimi wetu na herufi L havijawahi kupatana. Baba yake alimwambia kwamba akiwa mgeni kule, akizidiwa na hamu ya nyumbani, aliinusa hiyo akajiona jikoni kwa mama yake.

Nyakerario alicheka hadi akakaa chini. Halafu akalia, akasema mwaka mzima nimekionea kisiwa wivu! Akanishika mkono akanishukuru. Mimi! Nilikubali shukrani.

Tukaonja zilizobaki. Nyamongo akazijua zote mbili, akapewa. Mimi nilisema zote ni strungi, chai ya rangi tu.

Jumanne, 11 Machi
Mafua yameisha. Nyakerario aliniachia chupa tupu, na asubuhi nimeifungua. Moshi bado umo! Mama yuko shimoni mwake anapuliza. Bosire amefumba macho. Nimelia kama mtoto, Mong'ina akanipigapiga mgongoni bila kuuliza kitu. Nimeapa kutofanya hila tena. Rafiki ni rafiki.

Nyamongo amepita hapa akijisifu kwamba ya asali ameiweka sebuleni na kila jioni anainusa akisema, "Spei."

Mkewe hajui Spei ni nani. Kesho asubuhi nitapita kumsalimia.