Pini za Kwaheri

Najim aliiona saa kabla hajamwona mwenye saa. Ndivyo mji ulivyoyafundisha macho yake: yaanzie kwenye kifundo cha mkono, yapande taratibu, na yakifika usoni yawe yameshaamua. Saa ilikuwa kubwa kama kifuniko cha birika, ya rangi ya dhahabu, na kwa kuwa mkanda wake ulikuwa umekatika, ilikuwa imefungwa mkononi kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mwenyewe alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyevaa koti la suti na mabuti ya shamba, akitembea polepole kwenye baraza za maduka ya karibu na Soko Kuu la Arusha.

Hapo barazani ndipo Najim alipokuwa akiuzia mikanda ya saa, ndani ya kisanduku cha kioo kilichofungwa haraka kila mgambo wa jiji walipotokea. Mikanda yenyewe ilikuwa ya rexini iliyochunwa kwenye viti vya mabasi yaliyostaafu, ingawa mteja akiuliza aliambiwa ni ngozi ya mamba wa Ziwa Rukwa. Lakini si mikanda iliyomlisha. Zilimlisha pini. Mkanda wa saa hushikwa na vijipini viwili, kimoja kila upande, na Najim alikuwa na vyake maalumu, alivyovisaga ncha kwa tupa. Aliviita pini za kwaheri. Vilishika vizuri kabisa mpaka mtu anyanyue mkono juu, ampungie rafiki au asimamishe bodaboda. Hapo saa iliaga. Najim, ambaye kwa sadfa alikuwa akipita nyuma, aliiokota isije ikakanyagwa na watu. Kama huo ni wizi yeye hakujua, alimwachia Mungu aamue.

Akamwamkia mzee shikamoo, akamwambia kwa huzuni kwamba kuifunga saa kama ile kwa mpira ni sawa na kumvisha bwana harusi gunia. Mzee akaitikia marahaba, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Jina lake Ephraimu, mstaafu wa misitu, mkazi wa Olmotonyi, nje ya mji. Mchana wa siku hiyo wakwe walikuwa wanaleta mahari ya binti yake Lilian, na mkewe alikuwa ameapa kutokaa naye meza moja akiwa na mpira wa baiskeli mkononi.

Kuchagua mkanda kukawa kazi. Mweusi ulimkumbusha msiba. Wa kahawia ulifanana mno na mbuzi wake. Mwekundu aliutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama wapo watu wanaovaa kitu kile wakiwa na akili zao. Alinusa kila mmoja. Mmoja aliung'ata. Akataka kujua mamba alikuwa dume au jike, na Najim aliposema dume, mzee akasikitika, kwa sababu ngozi inayodumu ni ya jike. Najim akapekua chini ya kisanduku, na kwa rehema za Mola akapatikana jike. Mzee akaupima kwenye koti, akaupima kwenye buti, akautazama juani na kivulini, mwishowe akarudi kwenye ule mweusi wa msiba.

Najim akaufunga kwa pini za kwaheri. Mzee alipotia mkono mfukoni kutafuta pesa, Najim akamzuia. Jicho lake lilikuwa limeshavuka bei ya mkanda na kufika kwenye fremu yenye mlango na kufuli, duka lake mwenyewe, ambalo mgambo wangelipita wakisalimia. Akamwambia auchukue tu, ni zawadi yake kwa bibi harusi. Mzee akamtazama kwa macho yaliyolengwalengwa na machozi, akasema vijana wa namna hii wamekwisha nchini.

Najim akamwachia muuza miwani wa jirani kisanduku chake, akaanza kumfuata. Tatizo likajitokeza mapema. Mzee Ephraimu alitembea mikono mfukoni. Alikutana na watu aliowajua, akawasalimu kwa kuinamisha kichwa. Alivuka barabara bila kumpungia mkono dereva yeyote, akizisimamisha gari kwa kuzikunjia uso tu. Alipofika kwenye pikapu yake, saa ilikuwa bado imetulia mkononi kama imezaliwa pale. Najim akakimbia akamwomba lifti, ana shangazi anayeishi mtaa wa Sakina. Mzee akamwambia apande.

Mzee aliendesha kwa mikono miwili, akiwa ameshika usukani kama mtu anayesoma risala. Najim akajaribu kumnyanyua mkono kwa maswali. Akamuuliza Mlima Meru ni upi. Hakuna mtu Arusha, hata mgeni aliyeshuka stendi jana, anayeuliza swali hilo, lakini mzee hakushangaa, akamwonyesha kwa mdomo. Najim akamuuliza miti ya misitu hukua kufikia kimo gani.

"Mirefu," alisema mzee.

Sakina ikaja, ikapita. Mzee akamuuliza habari ya shangazi. Najim akajibu kwamba amekumbuka shangazi amesafiri, na kwamba ingekuwa vyema yeye mwenyewe afike akampongeze bibi harusi. Mzee akashukuru, akamuuliza kama jina la Najim ni la Kiislamu. Najim akakubali. Mzee akashusha pumzi. Mshenga wa wakwe alikuwa Mwislamu, na mtu aliyetakiwa kuja kuchinja alikuwa amewaangusha asubuhi ile.

"Mungu hamtupi mja wake," alisema.

Najim alikuwa hajawahi kuchinja hata kuku. Nyama aliijua ikiwa imeshakuwa mishikaki. Lakini walipofika nyumbani mzee alisimama pale pale karibu na zizi, saa iking'aa, na mwenye kutaka saa hawezi kuwa mbali nayo. Akapewa kisu na mbuzi. Mbuzi akamtazama, akamjua. Wakazunguka migomba, mbuzi mbele, Najim nyuma ameshika kamba, kisha mbuzi akabadilisha mawazo na Najim akawa mbele. Majirani wakatoka kutazama. Mwishowe, akiwa ametapakaa matope mpaka kwenye nyusi, akakumbuka namna babu yake alivyokuwa akifanya Sikukuu ya Idi, akamlaza mnyama kuelekea kibla, akataja jina la Mungu kwa sauti iliyotetemeka kuliko ya mbuzi, na kazi ikaisha. Mzee akamsifu. Wapo wengine wawili, akasema.

Kufikia jua la utosi Najim alikuwa amechinja, amechuna, amepasua kuni na amebeba viti kutoka kanisani. Kila alipotaka kupumzika, mzee alipita karibu, akajikuna shingo, mkono ukapanda kidogo, na pini zikalia ki. Basi Najim akashika shoka tena.

Alipopeleka nyama jikoni nyuma ya nyumba akamkuta kijana ameketi katikati ya mlima wa ndizi, akimenya, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Alimfahamu. Alikuwa Calvin, chalii wa mjini, mtaa wa Engutoto, aliyeuza simu mpya ndani ya maboksi yao halisi, isipokuwa ndani ya boksi mlikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia. Wakatazamana kama watu waliofumaniana msikitini na kanisani kwa wakati mmoja.

Najim akamuuliza amefuata nini huku milimani. Calvin akasema ana undugu na hii familia. Najim akasema hata yeye. Wakaendelea na kazi kwa muda, kisha Calvin akashindwa kujizuia. Mzee alikuwa amemjia mjini jana yake akimtaka amwekee saa betri. Calvin akamwambia saa ya aina ile huwekewa betri nyumbani kwa mwenyewe, palipotulia, akinuia kuibadilisha na ya bandia mzee akiivua kwenda kuoga.

"Tangu jana hajaoga," alisema Calvin kwa uchungu. "Nimechimba mashimo ya turubai. Nimelala ghalani na mahindi. Mzee haogi, kaka."

Najim akamwonea huruma kwa dakika moja, kisha akakumbuka ni mshindani. Hakumwambia habari za pini.

Wakwe wakafika mchana wakiwa na vifurushi na nyimbo. Mzee Ephraimu akawapokea chini ya turubai, akawakaribisha kwa maneno mengi na mikono ikiwa nyuma. Mazungumzo ya mahari yakaenda, yakakwama, yakanunuliwa soda, yakaenda tena. Najim na Calvin walisimama kila mmoja upande wake, hawamtazami bibi harusi, hawamtazami bwana harusi, wameukazia macho mkono mmoja tu. Mjomba mmoja wa upande wa pili akaguna kwa mshangao akisema hajapata kuona wahudumu makini kiasi hicho.

Ndipo sufuria kubwa la machalari likaletwa, ndizi na nyama zikitoa moshi, na mzee akaombwa akibariki chakula. Akasogea mpaka kwenye ukingo wa sufuria. Akafumba macho. Akainua mikono yote miwili mbinguni.

Saa ikaaga. Ilishuka bila kelele, ikazama kwenye machalari, na juu ya supu pakabaki kiputo kimoja tu. Kila mtu alikuwa amefumba macho, isipokuwa wawili. Wakasema amina kabla sala haijaisha.

Haijawahi kuonekana huduma kama ile pale Olmotonyi. Najim aliupora upawa kwa mama mmoja, akaanza kupakua mwenyewe, taratibu, akichungulia kila ndizi. Calvin alizunguka na sahani, akimsihi kila mgeni atafune polepole kwa ajili ya afya. Shangazi mmoja aliposhtuka kwa kung'ata kitu kigumu, wote wawili walimfikia kwa pamoja, mmoja akamshika kidevu. Ulikuwa mfupa. Wageni wakaongezewa mara mbili, mara tatu, hata wale waliokataa, mradi sufuria liishe. Lilipokaribia kuisha, wahudumu wakalinyanyua wenyewe bila kuombwa, wakakimbia nalo nyuma ya nyumba.

Wakakwangua chini. Najim akaipata kwanza, Calvin akamshika mkono, wakaanguka kwenye maganda ya ndizi, na katika purukushani ile mfuniko wa nyuma wa saa ukabanduka. Ndani hamkuwa na mashine. Mlikuwa na mchuzi na kipande kidogo cha mbao kilichochongwa vizuri kikaenea.

Walikuwa bado wanakitazama alipotokea mke wa mzee, Mama Aikande, akiwa na beseni la vyombo vichafu kiunoni. Hakushangaa hata kidogo.

"Mmeipata?" aliuliza. "Leteni niisuuze. Mara ya mwisho ilikaa na mafuta wiki nzima."

Akaketi kwenye gogo, akawaeleza kwa sauti ya mtu aliyeshazoea. Mumewe ni mwema, ila ni bahili. Vibarua wa Olmotonyi wote wanamjua, hakuna anayekuja tena kumfanyia kazi. Basi kila panapotokea shughuli, huivaa ile saa akashuka nayo mjini, akaomba mkanda, au betri, au kusafishiwa kioo. Hurudi na watu. Wakati wa msiba wa shemeji yake alirudi na wanne, wakachimba kaburi na kusawazisha njia ya gari.

"Na sufuria?" aliuliza Najim kwa sauti ndogo. "Angeweza kuidondoshea popote."

"Akiidondosha mahali pengine mtaondoka," alisema Mama Aikande. "Sasa vyombo nani ataosha?"

Akaweka beseni mbele yao.

Hasira zikampanda Najim. Alisimama, akajifuta maganda, akasema anakwenda kumuumbua mzee mbele ya wakwe. Akafika mpaka kwenye kona ya nyumba, akapanga maneno. Ndugu wageni, huyu mzee ni tapeli. Mimi nilimwekea pini mbovu nikamfuata nyumbani nimwibie, naye akanichinjisha. Akajaribu kuyapanga upya, akaanzia mwisho, akaanzia katikati. Kila alivyoyapanga, mtu aliyetoka vibaya ni yuleyule. Akarudi, akakunja mikono ya shati, akamwomba Calvin amsogezee majivu ya kusugulia.

Jioni, wakwe wakiwa wamekubaliana na Lilian akiwa na mchumba halali, Mzee Ephraimu aliwasindikiza vijana wake wawili mpaka njiani. Aliwashukuru kwa dhati, akawaombea baraka, akawapa kila mmoja ndizi mbivu. Wakati anawapa mkono, Najim alihisi kitu cha baridi. Mzee alikuwa amevaa pete, nene, yenye jiwe jekundu, ambayo asubuhi haikuwepo. Ilimpwaya kidoleni. Mzee akairudisha kwa kidole gumba, akalalamika kwamba tangu apungue mwili inamchoropoka ovyo, hasa akiwa shambani, na sijui itakuwaje Jumatano akianza kung'oa viazi.

Akawaaga, akarudi ndani, mikono nyuma.

Wakashika njia ya kushuka mjini. Najim alinuka mbuzi, Calvin alinuka ndizi. Najim alijua. Alijua kama anavyolijua jina lake kwamba ile pete ni bati, na jiwe ni kifungo cha koti, na kwamba mwenye akili angefika mjini, akaoga, akaisahau Olmotonyi mpaka siku ya Kiyama. Walipita chuo cha misitu, wakaiona lami. Calvin akakohoa.

"Alisema viazi ni Jumatano au Alhamisi?"

Najim akaanza kumenya ndizi yake.

"Jumatano," alisema. "Majembe anayo mwenyewe."