Cheti cha Cucu Kali

Nicanor alishuka bodaboda pale Gatongora akitafuta soda tu, akakuta wateja wanagombania pilipili ya chupa. Kwenye lebo alikuwepo bibi kizee anacheka, kitambaa chekundu kichwani, na chini yake jina: Cucu Kali, yaani bibi mkali.

"Hii ni ya nani?" alimuuliza Barasa, mwenye duka.

"Ya Idah wa Ngoingwa, kule Thika. Hata kuna tajiri wa Dubai anaitaka."

"Amesajili?"

"Asajili nini, boss? Kwani hiyo ni mtoto?"

Soda ikasahaulika. Nicanor alikuwa ameshauza ploti moja ya Gatuanyaga mara tatu, lakini ploti ina ubaya wake: walionunua hurudi kuitafuta. Jina halina mawe ya mpaka. Ukiwahi kulisajili, mwenyewe ndiye anageuka mwizi. Akaomba serikalini jina na picha viandikwe kuwa vyake, na baada ya miezi kadhaa akapanda Ngoingwa na tai shingoni, cheti kwenye fremu.

Alimkuta Idah akikoroga sufuria.

"Mama, sheria ya kimataifa imefika jikoni kwako," alisema kwa huzuni ya mchungaji. "Cucu ni wangu. Utanipikia, mimi niuze Dubai. Ama nikufungie."

Idah akakaa juu ya debe. "Ngai! Hii sufuria ndiyo inasomesha watoto wangu." Akalia kweli, kisha akajifuta kwa leso. "Sawa, mwanangu. Lakini watu wataniuliza mbona nimekuwa nikiuza. Niandikie basi, hiyo picha ulichora wewe, na mimi ulikuwa umeniandika kazi tu. Tangu elfu mbili kumi na tisa."

Nicanor alijiuma mdomo asicheke. Mwizi anaombwa risiti! Akaandika yote, akatia sahihi na kugonga muhuri mara mbili, kwa ukarimu.

Wiki mbili baadaye, mwanamke nadhifu aitwaye Dorine aliingia ofisini kwake Ruiru, chumba kimoja juu ya bucha.

"Huyu cucu ulimchora wewe?"

Dubai hiyo, Nicanor aliwaza. "Kwa mkono huu!"

"Tangu 2019?"

"Kabla hata ya korona."

"Asante. Mimi ni wakili." Akamwekea bahasha mezani.

Bibi yule, barua ilisema, hakuwa cucu wa mtu yeyote Thika. Alikuwa mchoro wa makopo ya dagaa ya kampuni moja ya Ureno, na mchoro wa Ureno unalindwa Kenya kama wa Kenya, uwe na cheti usiwe nacho. Idah, ambaye binti yake aliutoa mtandaoni kwa simu, alikuwa ameandikiwa mapema, kabla Nicanor hajafika na cheti: auache, amtaje aliyeuiga kwenye lebo, naye atasamehewa sufuria yake. Alikuwa amekesha akiomba Mungu ampe mtu wa kumtaja.

"Tutahitaji hesabu ya kila chupa, miaka sita," alisema Dorine.

"Lakini mimi sijawahi kuuza hata moja!"

Dorine akafunua karatasi ya jikoni kwa Idah. "Sahihi ni ya nani?"

Nicanor akaitazama. Muhuri ulikuwa umetoka vizuri sana, mara zote mbili.

Jioni alirudi Gatongora, akaagiza soda. Rafuni cucu hakuwapo. Chupa mpya zilikuwa na sura ya Idah mwenyewe, leso begani, akicheka kuliko yule wa Ureno.

"Na hii amesajili?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Amepeleka maombi wiki jana," alisema Barasa, akimfungulia soda. "Kwani hiyo si mtoto?"